Watoto 28, uwanja mmoja, mipira mitatu: nifundisheje netiboli?

*Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mbozi, nimekabidhiwa netiboli bila kuisomea. Ninao wasichana 28. Kumi na wawili ni wadogo wa darasa la tatu hadi la tano, kumi wako la sita na la saba, na sita walishamaliza hapa, sasa wako kidato cha kwanza na cha pili ila wanarudi jioni kwa mapenzi yao. Wawili kati ya hao walichaguliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) walipokuwa hapa. Wengine hata kudaka hawajui. Uwanja ni mmoja wa vumbi, nguzo mbili (moja imeinama), mipira miwili ya netiboli na mmoja wa miguu. Nikiwagawa kwa umri, wakubwa hawatimizi timu. Nikiwachanganya, wakubwa wanarushiana wao kwa wao, wadogo wanabaki kutazama. Juzi mtoto wa darasa la nne aligongwa, mama yake akaja shuleni kulalamika. Wadogo hawafikishi mpira kwenye pete. Na kuna wavulana wawili wanaoomba kucheza. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu, na pole na kazi. Umeuliza uwagawe vipi, nami nianze kwa kukukatalia kidogo: usitafute mgawanyo mmoja wa kudumu jioni nzima, maana haupo. Ukipanga kwa umri, utamweka msichana wa miaka 12 aliyekwisha kuvunja ungo na kurefuka pamoja na mwenzake wa miaka 12 ambaye bado ana mwili wa mtoto. Ukipanga kwa uwezo, itabidi uamue kwanza ni uwezo upi. Yuko mrefu mwenye nguvu ambaye mpira unampita vidoleni. Yuko mdogo wa darasa la nne anayedaka kila kitu lakini akisukumwa kidogo anaanguka. Halafu yuko yule ambaye si mrefu wala si mwepesi, ila anaona nafasi mbele ya wenzake wote, na huyo mara nyingi tunamwacha benchi kwa sababu hatujui kumtazama.

Kwa hiyo wanatofautiana kwa mambo matatu: mwili, mikono, na macho ya mchezo. Kila sehemu ya zoezi ina jambo lake linalotawala, na unawapanga kwa jambo hilo, kisha sehemu ikiisha unawapanga upya. Katika kurusha na kudaka, wachanganye. Katika zoezi lolote la kugombea mpira, wapange kwa kimo na uzito, usiangalie darasa. Katika mechi wachanganye tena, lakini kila mmoja awe na sharti lake.

Kabla ya hayo, saa. Hakuna sababu ya watoto 28 kuanza pamoja na kumaliza pamoja. Wa msingi waanze saa kumi. Wa sekondari bila shaka hufika wamechelewa hata hivyo, basi ufanye uchelewaji huo kuwa ratiba: waingie saa kumi na dakika arobaini na tano. Saa kumi na moja na dakika ishirini, wadogo 12 waondoke, wawahi nyumbani kabla giza halijaingia. Wanaobaki ni 10 wa darasa la sita na la saba pamoja na 6 wa sekondari, jumla 16: saba kwa saba, na wawili wanashika filimbi. Hiyo ni mechi kamili ya netiboli, yenye nafasi zote, kila siku ya mazoezi, na wakubwa wako wamepata kile wanachokifuata. Muda wa wote kuwa pamoja unabaki dakika thelathini na tano tu, na huo unaweza kuumudu.

Sasa mipira. Foleni ndiyo inayoua mazoezi ya watoto kuliko kitu kingine chochote. Chukua mistari miwili, kila mmoja wa watoto 14, mpira mmoja, kila anayerusha anakimbilia nyuma ya mstari. Hata kila pasi ikichukua sekunde tatu tu, mtoto anasubiri zaidi ya dakika moja ili aguse mpira mara moja, na yule asiyejua kudaka anaudondosha mguso wake mmoja huo. Kwa nusu saa hajajifunza chochote isipokuwa aibu. Kipimo changu ni kundi la watatu au wanne kwa mpira mmoja, basi.

Utasema mipira ni mitatu. Kwanza, usiudharau ule wa miguu. Mpira wa netiboli wa saizi 5 una mzingo wa sm 69 hadi 71 na uzito wa gramu 400 hadi 450. Mpira wa miguu wa saizi 5 una mzingo wa sm 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Ni karibu kitu kilekile. Tofauti kubwa ni ngozi, kwamba wa netiboli una vinundu vya kushikika na wa miguu unateleza. Anayezoea kudaka unaoteleza hataona shida kwenye wa netiboli. Kwa wadogo tafuta mpira wa miguu wa saizi 4, ambao ni mwepesi zaidi na hupatikana kwa urahisi kuliko wa netiboli wa saizi hiyo. Pili, shoneni mipira ya matambara, minne au mitano, yenye sifongo ndani. (Zamani tungesokota mifuko ya plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na matambara hayaumi vidole.) Mpira wa matambara haudundi, ila kwa mtoto anayefumba macho mpira ukimjia ndiyo dawa hasa. Tatu, si kila kituo kinahitaji mpira. Kutua, kusimama ghafla, kugeuka kwa mguu mmoja na kupiga chenga vyote hufundishwa mikono mitupu.

Dakika kumi na tano za kwanza zitumie kupasha mwili kwa mchezo wa kukimbizana, wote 22 kwa pamoja, halafu uingie kwenye kutua. Hapa ningependa uwe mkali. Netiboli ni mchezo wa kuruka na kufunga breki, maana kanuni inamkataza mwenye mpira kukimbia nao. Akishadaka na kutua, mguu uliotangulia kugusa chini ndio mguu wake wa kutua. Anaweza kupiga hatua kwa mguu wa pili, anaweza hata kuuinua ule wa kwanza, lakini lazima mpira uwe umeshatoka mkononi kabla mguu huo haujagusa chini tena. Kwa hiyo goti linabeba mshtuko kila pasi. Wasichana wanaobalehe huumia kano za goti zaidi ya wavulana katika michezo ya namna hii, na ndiyo maana Netball Australia wana programu nzima ya kupasha mwili inayoitwa KNEE, na New Zealand wana ya kwao, NetballSmart. Huhitaji vifaa vyao. Unahitaji mambo mawili: goti lielekee zinakoelekea vidole vya mguu na lisizame kwa ndani, na kutua kuwe kimya. Waambie wadogo unataka kutosikia. Simama umewapa mgongo, wao waruke, na wewe taja nani amepiga kelele. Watacheka, na watakunja magoti bila wewe kulitaja goti hata mara moja. Mwenye maumivu chini kidogo ya kilegesambwa, hasa yule aliyerefuka ghafla mwaka huu, mpunguzie kuruka na usimwambie avumilie. Goti likivimba, zahanati.

Huyo aliyerefuka ghafla ana jambo jingine. Utamwona anadondosha mipira aliyokuwa anaidaka mwaka jana, anajikwaa, hatua zake hazielewani. Usimshushe kundi. Mwili umekua na kichwa bado kinatumia vipimo vya zamani, atatulia baada ya miezi kadhaa. Wengi huacha michezo katika kipindi hichohicho, na mara nyingi kinachowaondoa ni neno la mwalimu.

Tuje kwenye kurusha, ambako nilisema uchanganye. Walimu wengi hufanya kinyume: wasiojua kudaka wanawekwa pamoja ili "wasiwasumbue" wanaojua. Matokeo yake ni wawili ambao hakuna anayeweza kurusha kwa mwenzake mpira unaodakika. Pasi zinakwenda juu ya kichwa, zinakwenda vumbini, na muda mwingi wanaokota. Mtoto anajifunza kudaka kwa kupokea pasi nzuri nyingi, na pasi nzuri hutoka kwa mtu anayejua kurusha. Kwa hiyo mwanzaji mpe mrushaji wako bora kabisa. Kabla wale wa sekondari hawajafika, warushaji ni wale kumi wa darasa la sita na la saba. Mkubwa naye mpe kazi ya kwake, asijione yaya: arushe kwa mkono dhaifu, na alenge mkono ambao mdogo ameunyanyua, kulia au kushoto, usawa wa kifua au juu. Kulenga mkono unaohamahama kwa mkono wako wa kushoto si kazi ndogo hata kwa mchezaji wa mkoa. Mjaribishe mmojawapo uone.

Umbali usiupange wewe. Wakidaka pasi tano mfululizo bila kudondosha, wote wawili wanarudi nyuma hatua moja. Wakidondosha, wanasogea mbele hatua moja. Baada ya dakika tano utaona kila jozi imesimama kwenye umbali wake: huyu mita tatu, wale mita nane, na hujamwambia mtu kwamba yuko kundi la chini. Ukinibana nikuachie kanuni moja ya kufundisha kundi mchanganyiko, ni hiyo: tafuta zoezi linalojipima lenyewe. Kufunga goli unaweza kukupanga vivyo hivyo, ukifunga mara mbili unarudi nyuma, ukikosa mara mbili unasogea. Kupiga chenga pia: mkabaji anaanza mbali kwa anayeshindwa na karibu kwa anayefaulu.

Anayeuogopa mpira asilazimishwe pasi ya kifua. Aanze na matambara, kisha mpira halisi wa kudunda, kisha wa kurushiwa kutokea chini. Jozi kama hiyo isipangwe katikati ya uwanja mbele za watu, ipange pembeni.

Kuhusu mtoto aliyegongwa. Sikuwepo, lakini mara nyingi hutokea kwenye zoezi la kugombea mpira ambamo watoto wamepangwa kwa jinsi walivyofika. Kila mnapofanya kazi ya kukaba na kunyang'anyana, wapange mstari kwa kimo, kutoka mfupi hadi mrefu, halafu kata makundi ya wanne wanne kuanzia mwanzo wa mstari. Inachukua dakika moja. Na filimbi ipulizwe mazoezini kama inavyopulizwa kwenye mashindano. Netiboli hairuhusu kugusana kunakomzuia mwenzio kucheza, na anayemkaba mwenye mpira huku amenyoosha mikono lazima awe mbali naye mita 0.9, kipimo kinachohesabiwa kutoka miguuni, si kwenye vidole vya mikono. Makocha wengi wanaliachia hilo mazoezini wakidhani wanajenga ukakamavu, kisha timu inapewa adhabu kila dakika siku ya mechi. Wakubwa ndio wa kubanwa zaidi hapa, kwani wao ndio wenye kilo za kuumiza.

Kuna suala la viatu pia, ambalo vitabuni hutaliona. Kama wengine wana raba na wengine wako pekupeku, mwenye raba asimkabe aliye pekupeku. Vidole vya mguu vinavunjika kwa kukanyagwa tu. Wakiwa wengi pekupeku, wote wavue katika sehemu ya kugombea, na wadogo waokote kokoto kabla hamjaanza.

Mama yule usimjibu kwa barua. Mkaribishe jioni moja akae pembeni aone mstari wa kimo unavyopangwa.

Tufike kwenye mechi ya pamoja, zile dakika thelathini na tano. Usicheze saba kwa saba. Watoto 14 wangekaa nje, na wadogo walio ndani wangesimama ndani ya mipaka ya nafasi wasizozielewa. Saba si amri ya Mungu. New Zealand walicheza tisa kila timu kwa miongo kadhaa, na kanuni za pamoja za kimataifa zilipatikana 1960 tu, kwenye mkutano wa Colombo. Wewe cheza wanne kwa wanne. Uwanja kamili ni mita 30.5 kwa 15.25, na umegawanyika sehemu tatu za mita kumi na kidogo kila moja. Geuza mchezo uende kwa upana: kila theluthi inakuwa kiwanja kidogo cha mita 15 kwa 10, mpira mmoja kila kiwanja, watoto wanane kila kiwanja. Hao ni 24, na mipira yako mitatu imetosha. Wanne waliobaki, watatu wanapuliza filimbi, mmoja anaandika magoli, na mnabadilishana kila dakika saba. Nguzo huzihitaji. Chora mstari mita moja kutoka kila mwisho. Goli ni kudaka pasi ukiwa ndani ya ukanda huo. Kwa kuwa goli hapa halitegemei urefu wa mtu, yule mwenye macho ya mchezo ataanza kuonekana. Mwandike jina pembeni.

Uingereza walikuwa na mchezo wa watano kwa watano wa watoto, High 5, ambao watoto hupokezana nafasi na wanaotoka nje hupewa kazi za uamuzi na kuandika magoli. Kupuliza filimbi kunafundisha kanuni kuliko hotuba, na mtoto wa darasa la nne akimpulizia dada wa kidato cha pili kwa kosa la miguu, uwanja mzima unajifunza.

Kila timu ya wanne iwe na mkubwa mmoja wa sekondari, na watatu wengine wawe wadogo wawili na wa kati mmoja (wa darasa la sita au la saba), au mdogo mmoja na wa kati wawili. Wakubwa ni sita na timu ni sita, kwa hiyo wakubwa hawawezi kurushiana tena. Umeshalimaliza tatizo hilo kwa hesabu tu. Ikifika zamu ya mkubwa kupumzika, wa darasa la saba anashika nafasi yake.

Halafu masharti. Kanuni ya kawaida ni sekunde tatu za kukaa na mpira. Wadogo wape tano, wakubwa mbili. Mdogo akiwa na mpira, anayemkaba awe mita moja na nusu. Wafunge wakubwa kitambaa mkononi ili mwenye filimbi awatambue. Lakini sharti la mkubwa lisiwe adhabu ya kuwa hodari. Tazama anategemea nini, umfungie hicho. Anayerusha pasi ndefu za begani, leo ni pasi za kudunda pekee. Anayeshinda kwa urefu, akabe bila kuruka, ajifunze kusoma mkono wa mrushaji na kuwahi kwa miguu. Anayesimama sehemu moja akisubiri kuletewa, asihesabiwe goli lake mpaka atoke ukandani na kuingia tena. Hayo ndiyo mapungufu yatakayomkwamisha akikutana na wa kimo chake, kwa hiyo mwambie waziwazi kwa nini umempa sharti hilo. Msichana wa miaka 15 akielezwa sababu hukubali. Akiambiwa "uwaachie wadogo nao wacheze", wiki ijayo harudi.

Sharti moja silipendi, ingawa utalisikia kila mahali: kwamba mpira lazima uguswe na kila mchezaji kabla ya kufunga. Linaonekana la haki. Kiwanjani, wapinzani wanamwacha yule dhaifu bila kumkaba, mpira unamfikia kwa huruma, anaurudisha, mchezo unaendelea. Yeye mwenyewe anajua. Badala yake tumia hili: usimrudishie aliyekupa. Kila pasi iende kwa mtu wa tatu. Papo hapo wawili hawawezi kucheza peke yao, na anayetaka mpira analazimika kutafuta nafasi, mdogo kwa mkubwa. Siku za kwanza watanung'unika na mchezo utakatika-katika. Vumilia siku tatu nne.

Kwenye pete. Nguzo ya kawaida ni mita 3.05, sawa na ya mpira wa kikapu, na mtoto wa miaka tisa hana nguvu ya kufikisha mpira huko kwa mtindo sahihi. Hivyo anausukuma kutoka kifuani au tumboni kwa mikono yote, na mtindo huo unamkaa. Akifika miaka 13 na nguvu imekuja, mtindo haubadiliki. Australia, katika netiboli ya watoto, hushusha pete hadi mita 2.4. Ile nguzo yako iliyoinama uifanye ya wadogo: kwanza ichimbieni upya isimame imara, maana nguzo inayotikisika humwangukia mtu siku moja, kisha funga pete ya pili chini kwa urefu huo. Pete rasmi ina upana wa sm 38 ndani. Rimu ya baiskeli ya mtoto ya inchi 20, iliyoondolewa spoki, ina upana wa takriban sm 40. Fundi wa kuchomea ataiunganisha. Mpira wenyewe una upana wa kama sm 22, kwa hiyo waonyeshe wadogo kwamba pete inatosha mpira mmoja na zaidi ya nusu ya mwingine. Wengi hudhani tundu ni dogo kuliko lilivyo.

Mtindo uwe huu: mpira juu ya kichwa ukikaa kwenye vidole, mkono wa pili unauegemeza tu kwa pembeni, kiwiko kinaelekea kwenye pete, magoti yanakunjwa, na mpira unapanda juu ili ushuke ndani. Duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 4.9, lakini mdogo aanze mita moja kutoka kwenye nguzo. Kila mtu afunge, hata walinzi wako. Warefu nao usiwazike chini ya goli wakiwa darasa la tano. Mpaka kama miaka 12 kila mtoto apite mbele, katikati na nyuma. Utakapoanza saba kwa saba na wale 16, usiwaanzishie wasiozijua herufi zote saba siku moja, zile wanazovaa wachezaji kuonyesha nafasi zao. Anza na majina matatu, wafungaji, wa katikati, walinzi, na theluthi zao. Wakishazoea kwamba mpira hauruhusiwi kuruka theluthi nzima bila kuguswa, GA (mfungaji anayeruhusiwa hadi katikati) na WD (mlinzi wa pembeni) vitaeleweka vyenyewe.

Wa sekondari wasaidie, ndiyo, ila kwa kiasi. Wamekuja kucheza. Kila mmoja asimamie kituo kimoja kwa dakika kumi, si zaidi, na umpe kitu kimoja cha kuangalia: "wewe tazama mguu wa kutua tu." Ukimwambia "wasaidie wadogo", atawafokea, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

UMITASHUMTA ikikaribia, utalazimika kuchagua. Timu ya mashindano ni wachezaji wachache, nao utawahitaji peke yao kuzoeana, hasa pasi ya senta, ile ya kuanzisha mchezo katikati. Watengee siku yao ya ziada katika wiki sita za mwisho. Siku ya wote ibaki siku ya wote. Shule nyingi husimamisha kila kitu wiki hizo, kisha Julai mwalimu anashangaa wadogo wamekwenda wapi.

Wavulana wawili waingie. Timu ya mashindano ya shule ni ya wasichana, waambie hilo mapema wasije wakaumia, lakini netiboli ya wanaume ipo Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na katika wanne kwa wanne hakuna kinachowazuia. Wapange kwenye mstari wa kimo kama wengine. Na kwa kuwa sasa mko mchanganyiko, tafuta chumba kimoja cha darasa wasichana wabadilishie nguo, na uweke pedi mahali wanapopajua bila kulazimika kukuomba.